Sokoni Mara Moja

Watu wa Chini wanapenda sana kuusifu mtaa wa Juu. Wakipata mgeni humpandisha kwa gari mpaka pale lami inapoishia, mbele ya duka, wakamsimamisha ukingoni na kumwonyesha mji ulivyotandazwa: mapaa, minara ya simu, barabara kuu na magari yake yanayoonekana madogo kama punje za maharage. Wanapiga picha, wanavuta hewa kwa nguvu, wanasema hapa ndipo pa kuishi, kisha wanarudi garini na kwenda zao. Laiti kungekuwa na sheria kwamba anayetaka kusifu mandhari apande kwanza na mtungi wa gesi begani, sifa zingepungua sana.

Kwa sababu lami inaishia dukani, na hapo ndipo mtaa unapoanzia. Toka pale ni ngazi za mawe, zinapinda na kupinda tena katikati ya nyumba, na kila kitu kilichoko Juu, kuanzia mchele hadi kabati la nguo, kimepanda kwa migongo ya watu. Ni mtaa wa zamani. Nyumba zake zina kuta nene na milango mizito, na kila moja imekaa mabegani mwa mwenzake, hivi kwamba paa la huyu liko usawa wa ua wa yule. Ukianika shuka lililochanika, jirani wa juu analiona. Ukigombana na mumeo, jirani wa chini anajua nani kashinda. Siri za Juu hazifichiki. Watu huzistahi tu.

Na kuna adabu moja huko ambayo Chini hawaijui. Mtu akifika mlangoni haulizwi kitu, hata salamu hapewi. Anasukumiwa kiti na kuachwa aheme mpaka pumzi imrudie, ndipo watu husalimiana. Mtoto wa Juu huijua adabu hii kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Na bila kufundishwa na mtu, hujua pia kusoma mhemo: huyu katoka dukani na mzigo, huyu katoka kona ya kati tu, huyu kakimbia, kuna jambo.

Katika safu ya juu kabisa, nyumba ya mwisho kabla ya mwamba, aliishi mama mmoja mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanajaribu tu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi na miwani iliyoshikwa na uzi mweusi sikioni. Magauni aliyoyashona yalikuwa na pindo lililopanda kidogo kwa mbele, ili mwanamke asikanyage nguo yake anapopanda ngazi. Ukilivaa gauni hilo kwenye tambarare, lilionekana kama limeshonwa na mlevi. Wanawake wa Juu walitambuana mjini kwa pindo hilo, wakasalimiana hata kama hawajuani majina.

Nyumba ile aliingia akiwa bi harusi. Mumewe alikuwa mwashi, mrefu kama mlingoti, na alipojenga jiko alilipima kwa kimo chake mwenyewe. Dirisha likawa juu mno, na mke kwa maisha yake yote ya ndoa akawa anachungulia mji akiwa amepanda kigoda. Waligombana juu ya dirisha lile tangu ndoa ikiwa changa. Mume alipofariki, mwashi mwingine, mtu mwema, alikuja akajitolea kulishusha bure. Fundi alimfukuza mpaka ngazini.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mfamasia, aliyeishi Chini kwenye jengo la ghorofa lenye lifti. Binti alimpenda mama yake na alimwogopea kwa namna ya watu wa dawa, ambao wakikutazama hawakuoni wewe, wanaona viungo vyako. Kwa muda mrefu alimbembeleza ahamie kwake. Chumba kipo, soko liko ng'ambo ya barabara, kote ni tambarare. Fundi alikuwa anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza kama angependa chai. Mwishowe, wote wawili wakiwa wamechoka, walifikia makubaliano. Siku ambayo Mama atashindwa kwenda sokoni na kurudi kwa miguu yake mwenyewe, siku hiyo atafunga virago. Fundi alikubali bila kusita, kwa sababu wakati huo alikuwa anazishuka ngazi zile kama mbuzi, na mtu mwenye afya huahidi lolote.

Kisha goti la kulia likaanza vituko.

Mwanzoni lilinung'unika siku za mvua tu. Baadaye likaanza kunung'unika hata jua likiwaka. Kupanda aliweza, kwa kujikokota na kushika chuma cha pembeni. Tatizo lilikuwa kushuka. Goti lilimwachia ghafla katikati ya hatua, bila taarifa, na mara mbili lilitaka kumtupa. Alilipaka mafuta, akalifunga kitambaa, akalitukana matusi ambayo marehemu mwashi wake angeyaonea fahari. Halikusikia. Ikafika mahali akawa anaweza kuteremka mpaka kona ya kati, kwa kinyozi, basi. Toka hapo kwenda dukani ngazi zimesimama wima, na akizitazama tu, kijasho kilimtoka. Soko likawa nchi ya ng'ambo. Na binti akijua, nyumba imekwenda.

Aliyeijua siri kwanza ni jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mcheshi aliyeitwa Mama Redio, kwa kuwa habari ikimwingia asubuhi, adhuhuri ilikwisha kutangazwa. Safari hii aliitangaza kwa watu wawili tu, na kwake huko kulikuwa ni kufunga mdomo. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha jiografia, mjane kama Fundi, nyumba yake ikifuata ya Mama Redio. Wa pili alikuwa kinyozi wa kona ya kati. Wote wawili walikuja kwa Fundi jioni moja, wakaketi, wakahema, wakanywa chai, wakala njama.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Binti alikuwa anakuja kila Jumamosi asubuhi. Basi kila Jumamosi, mapema, Fundi angejiteremsha taratibu hadi kwa kinyozi na kujificha nyuma ya pazia la chumba cha kunyolea. Mwalimu angekwenda sokoni na kikapu cha Fundi, kile cha mistari ambacho binti anakijua. Binti angepita pale kwenye kona akipanda, asione kitu. Akifika juu angemkuta Mama Redio mlangoni akimwambia, "Mama yako katoka kidogo, kaenda sokoni mara moja." Mwalimu akishafika kwa kinyozi, Fundi angepokea kikapu na kupanda. Kinyozi angembebea mpaka karibu na nyumba, ampe, arudi.

Mpango uliendelea vizuri kwa msimu mzima, na lazima isemwe kwamba wote waliufurahia kupita kiasi. Kinyozi alianza kupiga mluzi kila binti alipotokea chini, mluzi wa ajabu ambao haujawahi kuwa wimbo wa mtu yeyote. Wateja waliopakwa povu mashavuni walikaa kimya kama wanafunzi wakati wa ukaguzi. Mwalimu alijitia mjuzi wa soko, akaleta boga ambalo watu watatu wasingelimaliza kwa wiki, na Fundi akalazimika kumweleza binti kwa nini amenunua boga kubwa kiasi kile, yeye anayeishi peke yake. Alisema alilionea huruma.

Alipofika nyumbani na kikapu, Fundi alikuwa anajitahidi kuhema. Binti alikuwa anamsukumia kiti na kunyamaza, kama mtoto wa Juu anavyotakiwa, mpaka pumzi ya mama yake itulie. Ndipo anauliza soko limeamkaje. Fundi alimsimulia msongamano, bei, na ugomvi wa wauza samaki, mambo yote aliyoyapata kwa Mwalimu na kuyatia chumvi kidogo njiani. Binti alisikiliza, akacheka panapochekesha, akaosha mboga. Jioni alishuka kurudi kwake. Fundi alipanda kwenye kigoda jikoni, akamfuata kwa macho mpaka mwisho wa ngazi, akashusha pumzi. Jumamosi nyingine imepita.

Wala hakujiona mwongo. Alijiona mtu anayelinda mali yake. Asubuhi akifungua dirisha la sebuleni na kuweka cherehani mbele yake, alikuwa anasikia mtaa unavyoamka kwa mpangilio wake: mlango wa Mwalimu, kikohozi cha mwenye nyumba ya chini, ndoo za Mama Redio, hatua za wateja wake wakija na vitambaa kwapani. Aliujua mtaa kwa masikio kuliko kwa macho. Huko Chini kwa binti alilala mara moja, alipougua homa, na asubuhi alisikia lifti tu. Alisema ilikuwa kama kulala ndani ya friji.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha usiku na mawe yalikuwa bado na utelezi. Fundi alikuwa nyuma ya pazia. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtu kidevu. Wakasikia kishindo, kisha kelele ndogo za vitu vinavyodunda, na kupitia mlangoni kinyozi akaona kitunguu kimoja kikishuka chenyewe ngazi za wima, kikifuatwa na kingine. Fundi alitoka nyuma ya pazia.

Mwalimu alikuwa ameanguka katika ngazi za wima, si mbali na kona. Alikuwa ameketi vibaya, mguu mmoja chini yake, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani. Alikuwa amepanda mpaka karibu kufika, akakumbuka kwamba ameacha chumvi dukani, akageuka. Chumvi yenyewe ilikuwa ya Fundi. Vitunguu, ndizi na viazi vilikuwa vinaendelea na safari ya kwenda dukani.

Kinyozi alikuwa na wembe mkononi na mteja mwenye nusu kidevu, kwa hiyo Fundi ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Vilikuwa vipandio vichache tu, mtoto angeviruka. Alishika chuma, akanyoosha mguu wa kushoto, akauweka chini, kisha akautaka wa kulia ufuate. Goti likamwachia. Akang'ang'ania chuma kwa mikono miwili, akabaki hapo, mguu mmoja juu na mmoja chini, hawezi kwenda wala kurudi, rafiki yake anaugulia maumivu mbele ya macho yake. Alimwita, "Mwalimu, nakuja." Hakuja.

Aliyefika ni binti. Alikuwa anapanda kutoka dukani, akaviona viazi vinamjia, akakimbia. Alipiga magoti kwenye maji, akaushika mkono wa Mwalimu, akaupapasa kwa vidole, akavua kitambaa chake cha kichwa na kuufunga. Alimwambia umevunjika kifundo, lakini vidole vinacheza, usiogope. Ndipo alipoinua macho akamwona mama yake, ameganda juu ya ngazi, na kikapu cha mistari kimepinduka kando ya Mwalimu. Alikitazama kikapu. Alimtazama mama yake. Kinyozi alikuwa ameshafika, wakamwinua Mwalimu, wakampeleka kwa gari la mwenye duka.

Binti alirudi Juu mchana, akiwa amemwacha Mwalimu zahanati akifungwa plasta. Kinyozi alikuwa amemsaidia Fundi kupanda. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, hashoni. Alimsukumia binti kiti, akangoja amalize kuhema. Safari hii kungoja kulikuwa kurefu. Alikuwa ameandaa maneno, lakini binti alimtangulia.

"Vitunguu vimepotea vyote," binti alisema. "Viazi nimeviokota."

Fundi alisema asante. Kisha akaanza kueleza kwamba leo tu ndiyo goti limemsumbua, kwamba kwa kawaida...

"Mama. Mimi nimezaliwa Juu." Binti hakupaza sauti. "Tangu Jumamosi ya kwanza ulikuwa huhemi. Ulikuwa unajihemesha. Mtu aliyetoka sokoni na boga lile asingeweza hata kuniitikia."

Fundi alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. Alikuwa amefikiria tope kwenye viatu. Alikuwa amefikiria bei za samaki. Yeye, aliyemfundisha mtoto huyu kunyamaza mbele ya mtu anayehema, hakufikiria kwamba mtoto alikuwa anasikiliza.

"Kwa nini hukusema?"

Binti alisema aliutambua mhemo wa kona ya kati tu, na mwanzoni alikasirika sana, akaapa Jumamosi itakayofuata atalifungua lile pazia la kinyozi mwenyewe. Ilipofika alipita pale kwenye kona, akausikia ule mluzi, akawaona wanaume wazima wenye povu usoni wanatazama ukutani kwa ajili ya mama yake, akashindwa.

"Kwangu kule nina miaka ghorofa ya nne," alisema, "na jirani wa mlango wa pili simjui jina. Nikifa leo watanigundua kwa harufu. Halafu nije nikutoe hapa? Sitakutoa, Mama. Yale makubaliano yasahau. Ukitoka, utatoka mwenyewe."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa vita, akakuta uwanja hauna mtu. Usiku huo usingizi ulimpaa kwa furaha. Aliitazama dari, akaipangia nyumba yake miaka: atahamishia kitanda karibu na jiko, atafungia dirishani kamba ya kuteremshia kikapu, ataishi hapa mpaka watakapombeba. Alikuwa ameshinda.

Siku ya pili alikwenda kumwona Mwalimu. Mlango ulikuwa wazi. Alimkuta mezani akijaribu kufungua kopo la majani ya chai kwa mkono wa kushoto na meno, mkono wenye plasta umening'inizwa shingoni. Majani yalikuwa yamemwagika mpaka miguuni. Fundi alilifungua kopo, akachemsha maji, akafagia. Mwalimu alimkataza kusikitika. Alisema mtu aliyefundisha milima ya dunia yote hawezi kuchukiana na kilima kimoja. Kisha akasema, kama jambo lililokwisha kupangwa, "Jumamosi usiwe na wasiwasi. Mkono wa kushoto nao unaijua njia ya sokoni."

Fundi alicheka, akamwekea chai karibu, akaaga. Alifika nyumbani akaketi, na kicheko kikamgeukia. Mwalimu alikuwa anasema kweli. Angekwenda. Angezishuka ngazi zile na plasta shingoni na kikapu cha mistari kwenye mkono usiojua kazi, na akivunja na huo, Mama Redio angesema sasa ni zamu yangu, na Mama Redio alikuwa na moyo mgonjwa ambao daktari alikwisha kumwonya juu yake. Wangekwenda mmoja baada ya mwingine na hakuna ambaye angemwambia basi. Kila siku alijisifu kwamba ameing'ang'ania nyumba yake kwa jino na ukucha. Sasa aliona kwamba meno na kucha zilikuwa za watu wengine. Alilia. Hakulia kwa ajili ya goti wala kwa ajili ya mumewe. Alilia kwa sababu alikuwa amekwisha kukata shauri na hakulipenda hata kidogo.

Alishona juma zima, akamaliza nguo zote za watu. Ijumaa alimpigia binti simu, akamwambia kesho asipande, amngojee dukani. Binti aliuliza kuna nini.

"Naenda sokoni," Fundi alisema.

Binti akasema sawa, Mama.

Asubuhi alivaa gauni lake zuri, akachukua kikapu na mkoba mdogo wenye nguo chache na picha ya mwashi. Alifunga mlango. Alimpelekea Mama Redio ufunguo, kama ilivyokuwa desturi yao mmoja akitoka. Mama Redio aliupokea, akalitazama gauni, akautazama mkoba. Huyu ni mtu ambaye neno halijawahi kulala mdomoni mwake. Midomo ilimcheza.

"Unakwenda wapi asubuhi yote hii, mwenzangu?"

"Sokoni mara moja."

Mama Redio aliufunga ufunguo kwenye ncha ya kanga, fundo la kwanza, la pili, la tatu. "Basi niletee nyanya," alisema. "Ngumu. Usiniletee za kupondeka." Kisha akaingia ndani haraka na kufunga mlango.

Mwalimu alikuwa amesimama nje kwake. Yeye alitaka machungwa. Alieleza kwa kirefu machungwa ya namna gani, ya ganda jembamba, na alipomaliza kueleza alianza tena. Fundi alimsikiliza mara zote mbili. Mwenye kikohozi wa nyumba ya chini alitaka tangawizi. Mwanamke ambaye Fundi alimshonea gauni la harusi, na baadaye nguo za watoto wote, alitoka na mikono yenye unga akasema hana cha kuagiza, halafu akaita, akasema hapana, kipo, alete limau. Hakuna aliyeaga. Angeagwa hata na mmoja tu, asingefika mbali.

Kwenye kona ya kati kinyozi alikuwa amefunga kazi. Alisema ana mgongo imara, Mama apande tu, atamfikisha dukani kabla hajamaliza kusema bismillahi. Fundi alimshukuru. Alimwambia aliingia mtaa huu kwa miguu yake na ndivyo atakavyotoka. Kinyozi hakubishana. Alichukua ufagio, akasimama kipandio kimoja chini yake, akaanza kufagia. Fundi aligeuka akazishuka zile ngazi kinyumenyume, mikono miwili kwenye chuma, kama anayeteremka kwenye mti. Na kila aliposhusha mguu, kinyozi alikuwa hapo nyuma yake, amejaza ngazi kwa mwili wake wote, akifagia mawe ambayo hayakuwa na taka. Ilipomshinda aliketi, akateremka kwa kukaa, gauni zuri na yote. Kinyozi alitazama pembeni, akaendelea kufagia. Alifagia mpaka dukani.

Binti alikuwa amesimama kando ya gari. Alivuta kiti cha mwenye duka. Fundi aliketi akahema, na safari hii hakuna aliyeweza kutilia shaka. Jambo ambalo binti alilipigania kwa miaka mingi lilikuwa limeketi mbele yake na mkoba mapajani, na yeye alikuwa anatamani mama yake aseme amebadili mawazo. Mama hakusema. Aliuliza tu kama soko litakuwa limefunguliwa.

Kwenye tambarare goti lilikuwa na adabu zake. Fundi alizunguka soko lote, akabonyeza nyanya, akanusa tangawizi, akagombana na muuza machungwa kuhusu ganda. Wauzaji walimkumbuka, wakamuuliza alikuwa amepotelea wapi. Alisahau kwa muda. Alicheka, akapunguziwa bei, akapewa limau la ziada. Kikapu kilipojaa ndipo alipokumbuka kwamba si yeye atakayekipandisha.

Walirudi dukani, binti akakichukua. Fundi alibaki kwenye kiti, akamwona mwanawe anapanda, anapinda kwenye kona, anatokeza tena juu akiwa mdogo, mpaka akapotea. Alikaa hapo kama mgeni. Watu walikuja na gari, wakasimama ukingoni, wakapiga picha, mmoja akamwambia ana bahati kuishi mahali penye mandhari kama haya. Aliitikia ndiyo.

Binti aliposhuka alikuwa ametota jasho, na kikapu ni kitupu. Alijitupa kwenye kreti la soda. Fundi alimngojea, ingawa hajawahi kutamani kuikiuka adabu ile kama siku hiyo.

Wamepokea wote, binti alisema mwishowe. Machungwa yamepita mtihani. Mwenye kikohozi ametafuna tangawizi palepale mlangoni. Mama Redio amesema nyanya zimelegea, na kama aliyezichagua ana haya, apande mwenyewe azirudishe.

"Zimelegea?" Fundi alisema. "Nilizibonyeza moja moja."

"Ndivyo alivyosema. Huku analia." Binti alijifuta uso kwa mkono. "Kila mlango wameniuliza unarudi saa ngapi. Wote wanajua, Mama, na wote wameniuliza. Jumamosi nikiwapelekea vitu watauliza tena. Niwaambie nini?"

Fundi alisimama, akajishika kwenye mlango wa gari. Alitazama juu, mahali ambapo ngazi zilipotelea kati ya nyumba.

"Waambie soko limejaa," alisema. "Nitachelewa kidogo."